Ukili wa Kwanza: Mwandishi wa Hadithi za Mfululizo na Haki ya Kurudi Nyuma

Mwaka 2003 mwandishi wa Marekani, Stephen King, alifanya jambo ambalo waandishi wengi wa hadithi za mfululizo hulitamani na wachache hulithubutu. Alikuwa na mfululizo aliouanza ujanani, mwaka 1970, uitwao The Dark Tower. Kitabu chake cha kwanza, The Gunslinger, kilitoka mwaka 1982, na kabla ya hapo sehemu zake tano zilikuwa zimekwisha kusomwa moja moja katika jarida, kati ya mwaka 1978 na 1981. Vitabu vinne vilikuwa tayari mikononi mwa wasomaji, vitatu vya mwisho vilikuwa njiani. Ndipo akakirudia kile cha kwanza. Akaongeza kurasa zipatazo 35, akafuta hapa na pale, akabadili majina, akakitoa upya kwa jina lilelile. Mtu mzima mwenye toleo la zamani na kijana aliyenunua jipya wote wangesema wamesoma The Gunslinger, na wangeweza kubishana usiku kucha juu ya jambo lililotokea humo, kila mmoja ameshika kitabu chake na hakuna kati yao anayesema uongo.

Ninalotaka kulitetea jioni hii ni hili: mwandishi wa mfululizo ana haki ya kurudi nyuma, ila haki hiyo haina uzito mmoja kwa kila kilichomo kitabuni. Jina la mji, umri wa mtu, jeraha kama lilikuwa begani au mguuni, hivyo ni vyombo vya nyumbani mwake na avipange atakavyo. Lakini tendo la mhusika, tendo ambalo msomaji alilishuhudia, likamchoma, akalibeba mpaka kitabu kilichofuata, hilo limekwisha kuwa mali ya watu wawili. Anayetaka kulitengeneza tendo la namna hiyo na alitengeneze mbele, katika sehemu inayokuja, ambako mhusika atalijibu kwa kinywa chake. Akilifuta nyuma, anamwacha msomaji wake wa kwanza na kumbukumbu ya jambo ambalo kitabu kinadai halikuwapo.

Anayeandika riwaya moja hufanya makosa yake faraghani. Akifika sura ya ishirini akaona ya pili imekaa vibaya, hurudi akainyoosha, na hakuna jirani aliyejua. Mwandishi wa mfululizo hana faragha hiyo. Hali yake ni ya mshona mkeka. Miyaa ikishasukwa ukili, ukili hushonwa ubavuni mwa ukili, na kila mmoja hushikiliwa na uliotangulia. Ukifika upana wa kitanda, mshonaji akagundua kwamba ukili wa kwanza una mwaa mmoja wa rangi isiyolingana, ana njia tatu. Aufumue mkeka wote. Auache ulivyo. Au aitie rangi hiyo tena katika ukili unaofuata, na ule unaofuata, mpaka kilichokuwa doa kisomeke kuwa nakshi. Njia hii ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayomtambulisha fundi.

Tuyatazame mabadiliko ya King kwa karibu, maana ubishi wa jambo hili huharibika upesi ukiachwa hewani. Katika toleo la 1982, Farson ni jina la mji. Miaka ikapita, mfululizo ukakua, na Farson akawa mtu: John Farson, adui aliyeongoza uasi ulioiangusha nchi ya shujaa. Jina moja haliwezi kuwa mji na mtu bila kumtatiza msomaji, basi katika toleo la 2003 mji ukaitwa Taunton. Hapo sioni wa kulalamika. Hakuna aliyempenda wala kumchukia mtu kwa sababu ya jina la mji ule. Vivyo hivyo kwa yule mtu wa mavazi meusi ambaye shujaa Roland anamfukuza jangwani. Katika toleo la kwanza, mwishoni, Roland anaamka na kukuta mifupa, na msomaji anaamini mtu yule amekufa. Baadaye King alimhitaji tena, akiwa hai na akiwa na majina mengi, basi toleo la pili likadokeza kwamba mifupa ile huenda ikawa hila. Hili nalo linavumilika. Ni mlango uliokuwa umefungwa, sasa umerudishwa tu.

Jambo la tatu ni Allie, na hapo mambo hubadilika. Allie ni mwanamke wa baa katika kijiji cha Tull, aliyempokea Roland na kulala naye. Kijiji kizima kinapomgeukia Roland, mwanamume mmoja anamkamata Allie na kumsukuma mbele kama ngao. Katika toleo la 1982 Allie anapiga kelele akimsihi Roland asifyatue. Mikono ya Roland, iliyofunzwa tangu utotoni, inafyatua kabla moyo haujasema neno. Watu 58 wanakufa siku ile, nao wote hawamkai msomaji kama yule mmoja. Katika toleo la 2003 Allie anasihi kinyume chake: anaomba auawe, kwa kuwa ametamka neno alilokatazwa na akaambiwa mambo ya upande wa pili wa kifo yasiyovumilika. Mikono ni ileile, risasi ni ileile, sentensi zenyewe karibu ni zilezile. Ila mauaji yamegeuka rehema.

Naelewa kwa nini King alifanya hivyo. Roland wa vitabu vya baadaye ni mtu anayejifunza kupenda, na mwandishi aliyekaa na mhusika miaka zaidi ya thelathini huanza kumwonea huruma. Lakini huruma hiyo imemnyang'anya msomaji kitu. Aliyesoma toleo la kwanza alianza safari na muuaji wa mpenzi wake, na kila wema Roland alioufanya katika vitabu vilivyofuata ulikuwa na thamani kwa sababu ulitoka kwa mtu yule. Mwanzo ukilainishwa, umbali aliosafiri unapungua.

Ajabu ni kwamba King mwenyewe alikwisha kuonyesha, ndani ya mfululizo huohuo, njia iliyo bora. Katika kitabu cha kwanza kuna tendo baya kuliko la Allie. Roland anamwacha mtoto, Jake, aanguke shimoni na kufa, ili yeye asimpoteze mtu anayemfukuza. Tendo hili King hakulifuta mwaka 2003. Alilijibu mbele. Katika kitabu cha pili, cha mwaka 1987, Roland anapitia mlango wa kwenda New York na kumzuia mtu ambaye angemuua Jake huko, na kwa hiyo Jake hafi, hafiki jangwani, haanguki shimoni. Katika kitabu cha tatu, cha mwaka 1991, tunaona gharama ya kuyabadili yaliyopita: Roland ana kumbukumbu mbili kichwani. Moja inasema palikuwa na mtoto, nyingine inasema hapakuwa na mtoto, na mbili hizo zinapigana mpaka anakaribia kurukwa na akili. Ule mwili wenye kumbukumbu mbili ndio msomaji wa toleo la 1982 aliyekuja kusikia habari za toleo la 2003. King aliliandika jambo hilo miaka kumi na miwili kabla ya kulifanya.

Mfano wa pili ni wa Mwingereza J. R. R. Tolkien, na sijui kazi ya marekebisho iliyofanywa kwa ustadi kuliko hiyo. The Hobbit kilitoka mwaka 1937. Katika sura yake ya tano Bilbo na kiumbe aitwaye Gollum wanashindana kwa vitendawili gizani chini ya mlima. Katika toleo la kwanza dau la Gollum lilikuwa zawadi: akishindwa, atatoa pete yake. Aliposhindwa alikwenda kuitafuta asiione, kwa sababu Bilbo alikuwa ameshaiokota. Gollum akaomba radhi kwa unyenyekevu, akamwonyesha Bilbo njia ya kutoka, wakaagana kwa amani. Kisha Tolkien akaanza kuandika mwendelezo, na mwendelezo ukamshinda nguvu. Pete ile ndogo ikawa Pete kuu, kitu kinachomtawala anayekimiliki kiasi kwamba hakuna awezaye kukitoa kwa hiari. Basi vipi Gollum alikiweka kuwa zawadi ya mchezo?

Mwaka 1947 Tolkien alimpelekea mchapishaji wake rasimu mpya ya sura ile, kama mfano wa namna mambo yangeweza kunyooshwa. Mchapishaji akaichukua kuwa agizo, na rasimu ikaingia katika toleo la pili la mwaka 1951. Sasa Gollum hatoi zawadi. Akigundua pete haipo anapiga mayowe ya chuki na laana. Lau Tolkien angeishia hapo, angekuwa amefanya lile ninalolipinga. Hakuishia hapo. Toleo la zamani alilipa kazi katika hadithi yenyewe: ile simulizi ya 1937, alisema, ndiyo aliyoitoa Bilbo kwa wenzake, na haikuwa kweli. Bilbo alidanganya. Na kwa nini mtu mwema, asiye na tabia ya uongo, adanganye juu ya jinsi alivyopata pete? Kwa sababu pete ilikuwa imeshaanza kumfanyia kazi yake moyoni. Katika The Lord of the Rings, kilichoanza kutoka mwaka 1954, uongo ule ni ushahidi unaomfanya mchawi Gandalf aingiwe na shaka, na mbele ya baraza la wazee Bilbo anaomba msamaha kwa kuwa zamani alilisimulia jambo vingine. Kosa la mwandishi limekuwa dhambi ya mhusika, na dhambi ya mhusika imekuwa kitendawili ambacho jibu lake ni hadithi nzima. Msomaji wa 1937 hakuibiwa chochote. Kinyume chake, ameongezewa: yeye ndiye aliyedanganywa na Bilbo ana kwa ana.

Hapa kuna wenye pingamizi, na pingamizi zao si za kubeza. La kwanza husema: kazi ni ya aliyeitunga, msomaji amenunua nakala tu, hakununua mhusika. Mtu wa namna hii hupenda kumtaja Charles Dickens na mwisho wa Great Expectations. Riwaya hiyo ilitoka kwa sehemu za kila wiki katika jarida lake kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Mwisho aliouandika kwanza uliwakutanisha wahusika wake Pip na Estella kwa dakika chache barabarani na kuwatenganisha moja kwa moja. Rafiki yake, mwandishi Edward Bulwer-Lytton, akamshauri aulainishe, naye akaubadili. Kama Dickens aliweza, kwa nini wengine wasiweze? Jibu langu ni tarehe. Dickens aliubadili kabla haujachapishwa. Mswada ni wa mwandishi peke yake, hata akiuchoma ni haki yake. Alichokitoa jaridani hakukigusa namna hiyo. Na hata ule mwisho wa kwanza haukupotea, kwani rafiki yake John Forster aliuchapisha baadaye katika wasifu wa Dickens, na tangu hapo wasomaji wamekuwa nao wote wawili, wakipima upi ni wa kweli zaidi. Sikatai umiliki wa mwandishi. Nasema kuna siku ambapo umiliki huo hupata mbia, na siku hiyo ni siku ya kuchapishwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na ningeona aibu kulipita mbio. Je, kama kilichochapishwa kinawadhuru watu? Huyohuyo Dickens anatupa mizani, kwa sababu alitumia dawa zote mbili. Katika David Copperfield, sehemu iliyotoka Desemba 1849, alimchora mwanamke mfupi wa maumbile, Miss Mowcher, msusi wa wakubwa, mwenye mzaha mwingi na aliyeonekana kuelekea kwenye uovu. Mwanamke mmoja aliyekuwa na maumbile hayo alijitambua katika picha ile, akamwandikia kwa uchungu. Dickens hakuifuta sehemu ya Desemba. Ilikuwa imeshasomwa nchi nzima. Aliugeuza mpango wake wa mbele. Katika sura ya 32, iliyotoka Machi 1850, Miss Mowcher anarudi akiwa mtu mwenye huzuni na heshima, anamkemea David kwa kudhani kwamba ufupi wa mwili ni ufupi wa akili, na anaomba asihukumiwe kwa umbo lake. Anayeisoma leo anahisi kemeo lile linampata yeye pia, kwa kuwa miezi mitatu, au sura kumi, kabla ya hapo alicheka. Kama sura ya 22 ingefutwa, kemeo lisingekuwa na wa kumkemea.

Kwa Fagin wa Oliver Twist mambo yalikwenda vingine. Riwaya ilikuwa na zaidi ya miaka ishirini na mitano pale mwanamke wa Kiyahudi, Eliza Davis, alipomwandikia mwaka 1863 kwamba mhusika yule, mkuu wa wezi aliyetajwa kila mara kwa Uyahudi wake, amewatendea Wayahudi dhuluma. Dickens kwanza alijitetea. Baadaye alifanya mawili. Katika Our Mutual Friend, iliyotoka mwaka 1864 na 1865, alimweka Riah, mzee wa Kiyahudi mwema. Na katika toleo la Oliver Twist la mwaka 1867 aliliondoa jina la kabila mahali pengi, hasa katika sura za baadaye, akaacha jina la mtu. Aliondoa neno, na alifanya vema. Neno lililogeuza uovu wa mtu mmoja kuwa sifa ya kabila zima halikuwa tendo la Fagin, lilikuwa tendo la msimulizi, na msimulizi anaweza kuombwa anyamaze. Ila matendo ya Fagin yako palepale, nayo hayakuoshwa. Kwa hiyo mfano huu hauvunji ninalosema, unalichora mpaka wake. Naongeza tu kwamba Riah mwenyewe ni dhaifu kama mhusika, mwema mno hata hana damu, na nadhani ni kwa sababu alikuwa katika kitabu kingine. Hakuwa na Fagin wa kukutana naye na kumjibu uso kwa uso, kama Miss Mowcher alivyojijibu mwenyewe.

Wa tatu wanasema: basi acheni yote, makosa na yabaki. Hutaja Sherlock Holmes. Arthur Conan Doyle alimpa Daktari Watson jeraha la begani katika kitabu cha mwaka 1887, na katika kile cha 1890 jeraha likawa mguuni. Na katika hadithi moja ya 1891 mke wa Watson anamwita James, hali jina lake ni John. Doyle hakurekebisha, na dunia haikuanguka. Hata kumfufua Holmes hakukuhitaji kufuta. Alimuua Desemba 1893 kwenye maporomoko ya Reichenbach, na alipomrudisha mwaka 1903 alitumia ukweli mmoja uliokuwa umekaa kimya miaka kumi: hakuna aliyeiona maiti. Nakubali karibu yote katika hoja hii. Hadithi ya Reichenbach haikuguswa hata nukta, na mwendelezo umeifanya ionekane kana kwamba iliandikwa hivyo kwa makusudi. Ninapoachana na wenzangu hawa ni kwenye jeraha la Watson. Kosa lisilobeba maana yoyote halina utakatifu, na kulinyoosha si usaliti. Kulilinda kwa sababu tu ni la zamani ni kuabudu karatasi.

Limebaki suala la mpangilio wa kazi, ambalo waandishi huliuliza zaidi kuliko wahakiki: kipi kitangulie, kurekebisha au kuendeleza? Hapa sina shaka hata kidogo. Endeleza kwanza. Honoré de Balzac alikuwa mrekebishaji asiyechoka. Alipoanza, karibu na mwaka 1834, kuwarudisha wahusika wale wale katika riwaya mbalimbali, alirudi kwenye vitabu vya zamani akawapa watu wake majina mapya ili wapate kuingia katika ukoo mmoja, na hata baada ya toleo kubwa la La Comédie humaine kuanza kutoka mwaka 1842 aliendelea kusahihisha nakala yake kwa mkono. Mwaka 1845 alipanga orodha ya kazi 137. Takriban hamsini zilikuwa bado hazijaandikwa. Alifariki mwaka 1850, akiwa na umri wa miaka 51. Dickens alifariki Juni 1870 akiwa ametunga sehemu sita za The Mystery of Edwin Drood kati ya kumi na mbili alizoahidi, na hadi leo watu wanabishana nani alimuua Edwin, kama aliuawa. King naye aligongwa na gari akitembea kando ya barabara huko Maine tarehe 19 Juni 1999, mfululizo ukiwa umesimama kwenye kitabu cha nne. Alipopona aliandika yaliyobaki kwa mfululizo, na alikirudia kitabu cha kwanza akiwa na rasimu za vile vitatu mkononi. Katika hilo alikuwa sahihi kabisa. Mwandishi hawezi kujua kosa gani la mwanzo ni kosa kweli mpaka aufikie mwisho, kwa kuwa mambo mengine yanayoonekana kasoro katika kitabu cha pili hugeuka kuwa mizizi ya kitabu cha sita.

Tolkien aliionja hatari ya kinyume chake. Mwaka 1960, The Lord of the Rings kikiwa kimekwisha na kimesifiwa, alianza kuiandika upya The Hobbit yote ili lugha yake ilingane na uzito wa kitabu kikubwa. Alikwenda sura chache. Mtu mmoja aliyesoma kurasa zile alimwambia kwamba ni nzuri sana, lakini si The Hobbit tena. Tolkien akaziacha. Kuziacha kule nakuheshimu kuliko kurasa zenyewe: alijua kwamba mchezo na uchangamfu wa kile kitabu cha watoto, hata pale usipolingana na kilichofuata, ndio uliowaleta wasomaji mlangoni.

Na sisi je? Fasihi yetu ya mfululizo si changa. Muhammed Said Abdulla alimtoa Bwana Msa, na Najum wake pembeni, katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akaendelea naye kitabu baada ya kitabu hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Na siachi kulitafakari jina hilo la mwisho, ambalo kwa maneno manne tu linakiri jaladani kwamba mpelelezi asiyeshindwa naye ana kosa. Elvis Musiba alimpeleka Willy Gamba kutoka Kufa na Kupona ya mwaka 1974 hadi Uchu ya mwaka 2000, dunia ikigeuka chini ya miguu ya jasusi wake. Zaidi ya hao kuna hadithi za magazetini, zile za kila wiki zinazomalizikia na neno "itaendelea", ambazo baadhi huja kukusanywa kuwa kitabu. Hapa ndipo hoja yangu inapohitajika kuliko pengine popote. Msomaji wa London wa 1849 aliweza kuzitunza sehemu zake na kuzipeleka kwa mtia jalada. Msomaji wetu wa gazeti alisoma sehemu yake Jumatano, na kufikia Ijumaa karatasi ile ilikuwa imefungiwa vitumbua. Hana ghala jingine ila kichwa chake. Kitabu kikija kutoka na mhusika aliyeua gazetini akawa hakuua, msomaji yule hana ushahidi wa kuonyesha, naye ataambiwa amesahau. Kwa sababu hiyohiyo mwandishi wetu anadaiwa uaminifu mkubwa zaidi, maana hakuna wa kumkagua.

Sidai hati ndefu za kitaalamu. Ukurasa mmoja mbele ya kitabu unatosha: kwamba hadithi hii ilitoka kwanza mahali fulani, mwaka fulani, na kwamba mwandishi amebadili jambo fulani na fulani. King alifanya hivyo katika dibaji ya toleo la 2003, akaeleza bila kificho kwamba amekirekebisha kitabu na kwa nini, na ingawa nampinga kwa habari ya Allie, siwezi kumshtaki kwa kuficha. Mchapishaji atasema ukurasa huo huongeza gharama na humtia mnunuzi shaka kwamba toleo lake la zamani ni bovu. Gharama ya ukurasa mmoja si kitu. Kuhusu shaka, naona mambo yatakuwa kinyume: mwenye toleo la zamani atajua kwamba ana kitu ambacho hakipatikani tena dukani, na atakitunza.

Mwaka 2004, katika kitabu cha saba, Roland aliufikia Mnara wake. Akapanda ngazi, chumba baada ya chumba, mpaka mlango wa juu kabisa, na mlango ulipofunguka ulimrudisha jangwani, palepale sentensi ya kwanza ya kitabu cha kwanza ilipomkuta, akiwa hakumbuki kwamba amewahi kupita. Tofauti ni moja tu. Safari hii kiunoni ana pembe ambayo zamani aliiacha kwenye uwanja wa vita. Wasomaji wengine wamesema mwisho huu unayahalalisha matoleo yote mawili: kila toleo ni mzunguko mmoja wa safari ileile. Ni usomaji mzuri na naukubali nusu, kwa kuwa unafanya lile ninaloliomba, unaligeuza doa kuwa nakshi. Lakini pembe ile aliipata mbele, baada ya vitabu saba vya kulipa. Allie wa 2003 alipewa kifo chepesi kabla Roland hajalipa hata senti moja. Kijijini Tull, katika kitabu cha zamani ambacho bado kipo kwenye rafu za watu, mwanamke yule anaendelea kusihi asipigwe risasi, na Roland anayemjia kutoka jangwani bado hajajifunza kuizuia mikono yake.